Tupande Lushoto kwa Miguu

Likizo ya mtumishi wa umma ni siku 28 kwa mwaka, na kila mmoja wetu anajua jinsi siku hizo zinavyokwisha. Sehemu kubwa huenda kwa wazazi kijijini, kama ipasavyo. Nyingine huishia kwenye misiba, harusi na matengenezo ya nyumba, na zilizosalia hukaliwa barazani mpaka siku ya kurudi kazini. Makala haya yanatoa pendekezo dogo: katika siku hizo 28, nne tu zitengwe kwa ajili ya kutembea kwa miguu katika milima ya nchi yetu, na mahali pa kuanzia pawe bonde la Lushoto, katika Usambara Magharibi.

Pendekezo hili litawashangaza baadhi ya ndugu. Wapo wanaoamini kwamba kupanda mlima pasipo shughuli ni mchezo wa Wazungu wenye fedha za kupoteza. Mtu aliyekulia kwenye miteremko, akipanda na kushuka na ndoo ya maji kichwani, ana haki ya kuuliza kuna raha gani katika jambo hilo. Na swali la utalii ni wa nani si geni kwetu. Mwaka 1970 mjadala mkali juu ya utalii na ujamaa ulizuka katika gazeti moja la Dar es Salaam, na michango yake ikakusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973. Waliopinga walihofia kwamba nchi itageuzwa kiwanja cha starehe cha matajiri wa nje, na wananchi watageuzwa kuwa watumishi wao.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na mpaka leo haijaisha. Filamu ya The Royal Tour, iliyozinduliwa mwaka 2022, imeitangaza nchi yetu kwa walimwengu, na jambo hilo ni jema kwa hazina ya taifa. Lakini taifa ambalo mandhari yake yanajulikana zaidi na wageni kuliko wananchi wake litakuwa limebaki kuwa mlinzi wa mali asiyoijua. Njia ya kuondoa kasoro hiyo imo mikononi mwetu wenyewe. Hapana budi wananchi nao wawe wageni wa nchi yao.

Bonde la Lushoto linafaa kuwa mfano kwa sababu ya historia yake. Wajerumani waliliita Wilhelmsthal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Maofisa wa Kijerumani, na baada yao wa Kiingereza, walipanda huko kukimbia joto la pwani, kwa maana mji upo kwenye kimo cha meta 1,400 hivi na hewa yake ni ya baridi. Mwafrika alipanda pamoja nao akiwa amebeba mizigo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 bonde lilirudi kwa wenyewe, lakini desturi ya kulitembea kwa mapumziko haikurithiwa. Leo kijana kutoka Ulaya hutembea kutoka Lushoto, akapita Lukozi na Rangwi, akafika Mtae kwenye ukingo wa milima, ilhali mwalimu wa Jiografia huwafundisha watoto habari za Usambara kwa kuonyesha ubaoni ramani ya mahali asipopata kupakanyaga.

Hata hivyo, ipo sababu iliyo nzito kuliko mapumziko, nayo inatuhusu sisi tunaofanya kazi maofisini. Milima hii imekwisha kuumizwa na maagizo ya watu waliokuwa hawaijui. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo, ikianzia Mlalo, na wakulima wa Kishambaa wakalazimishwa kulima kwa matuta kwenye miteremko. Nia ya kuzuia mmomonyoko ilionekana njema katika maandishi. Lakini waliotoa amri hawakumwuliza mkulima ni nani atakayeifanya kazi hiyo, wala atakula nini wakati anachimba. Wakulima walikataa, upinzani wao ukaungana na harakati za TANU, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru.

Katika miaka ya 1980 mradi mwingine wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto uliendeshwa Lushoto kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Safari hii miti na majani ya guatemala vilipandwa kwa mistari ya kontua, na majani hayo yakawa chakula cha ng'ombe wa maziwa. Mkulima anayekata majani kwenye kingo za shamba lake na kumlisha ng'ombe wake hahitaji bwana shamba wa kumsimamia kwa fimbo ili ayatunze. Tofauti ya mipango hiyo miwili haiwezi kueleweka vizuri katika jalada. Mtu huielewa akiwa amesimama kwenye mteremko, akihema, huku mwenye shamba akimweleza mvua inavyofanya.

Vivyo hivyo kuhusu maji. Mto Umba huanzia katika milima hii na kwenda kuingia baharini upande wa Kenya. Mto Lwengera hupita kati ya Usambara Magharibi na Usambara Mashariki, ukajiunga na mto Pangani karibu na Korogwe. Na mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani ipo chini ya makutano hayo. Mtumishi anayewasha taa ofisini anahusika na msitu wa Usambara, apende asipende. Akitembea humo saa tatu tu atafahamu kwa nini msitu hauwezi kuhesabiwa kuwa mbao zinazongoja msumeno.

Sasa tuje kwenye mipango, maana safari isiyopangwa huharibu jina la safari zote. Jambo la kwanza ni majira. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za udongo huteleza na ukungu hufunika mabonde. Mwezi wa Juni, shule zinapofungwa, mvua kubwa zimekwisha, na kwa mwalimu huo ndio wakati bora. Ila afahamu kwamba Juni na Julai ni miezi ya baridi kali huko, na mtu wa pwani anayekwenda na shati moja atajuta usiku wa kwanza.

Jambo la pili ni njia. Anayetoka Dar es Salaam ahesabu siku nzima ya safari ya basi. Barabara kuu ya Moshi huachwa Mombo, na kutoka hapo ni kilometa zipatazo 33 za kupanda kwa kona nyingi, kupitia Soni, mpaka Lushoto. Siku ya pili itumike kwa matembezi mepesi ya kwenda Irente, kilometa 6 hivi kutoka mjini. Huko ardhi hukatika ghafla, na mtu huona Mazinde na nyika ikienda mpaka macho yashindwe. Siku ya tatu iwe ya msitu wa Magamba, ambao ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kiingilio kilipwe, na mwongozaji awepo. Humo wamo mbega, na ipo miti mikubwa ambayo wengi wetu tunaijua kwa majina ya vitabuni tu. Siku ya nne ni ya kurudi, na maporomoko ya Soni yapo njiani kwa yule atakayependa kusimama.

Jambo la tatu ni vifaa, navyo si vya gharama. Viatu vitakavyofaa ni vile vilivyokwisha kuuzoea mguu, kwani viatu vipya vimewarudisha wengi nusu ya njia. Sweta, koti la mvua, kofia, tochi na chupa ya maji vinatosha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na takataka nyingine zote zirudi mjini mikononi mwa aliyekwenda nazo. Kabla ya kuondoka, msafiri asome Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi lAjjemy kilichochapishwa mwaka 1962. Akimjua Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu na kuanzisha ukoo wa watawala wa Usambara, vilima atakavyoviona vitakuwa na wenyewe.

Jambo la nne ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ni adabu. Vipo visa vya ndugu zetu wanaofika mahali kama hapa na kudai kwamba kwa kuwa ni wananchi, mwongozaji awatembeze bure, au chakula cha mama lishe kipunguzwe bei. Tabia hii ni ya kulaumiwa. Mwongozaji ni mfanyakazi, na jasho lake lina haki sawa na ya mshahara wa mwalimu. Wenye kipato kidogo wajikusanye watu watano au sita, wachangie gharama kwa usawa, walale nyumba ya wageni ya kawaida, na wale viazi, maharage na kabichi vilivyolimwa palepale. Shamba la mtu lisikatizwe, tuta lisikanyagwe, na mzee asipigwe picha kabla ya kusalimiwa na kuombwa ruhusa. Aidha, cheo kiachwe Mombo. Mkulima akitambua kwamba anazungumza na mkubwa fulani wa wizara, atasema lile analodhani mkubwa anataka kulisikia, na faida yote ya safari itakuwa imepotea.

Wapo watakaosema kwamba mshahara hautoshi hata kwa nauli. Kwa baadhi ya ndugu hilo ni kweli, na hakuna awezaye kuwasuta. Lakini wapo wengi ambao fedha ya siku nne hizo huitumia kwa mwezi mmoja tu katika mambo ambayo hawakumbuki asubuhi yake. Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vya walimu na watumishi vinaweza kuwa na mfuko mdogo wa matembezi, unaochangiwa kidogo kidogo mwaka mzima. Wakuu wa shule nao wanaweza kuwatanguliza walimu wawili watatu kila mwaka, ili siku moja wanafunzi wapelekwe na watu wanaoijua njia.

Elimu ya Kujitegemea, tangu ilipotangazwa mwaka 1967, ilitutaka tusiitenge shule na maisha ya watu wanaoizunguka. Agizo hilo linamhusu mwalimu kabla ya mwanafunzi, na linamhusu ofisa kabla ya mwananchi anayehudumiwa. Kama kila idara inayoshughulika na ardhi, maji, misitu au elimu ingekuwa na watu wachache waliowahi kupanda kwa miguu milima wanayoiandikia waraka, nyaraka nyingi zingeandikwa kwa namna nyingine, na baadhi yake zisingeandikwa kabisa.

Juni haiko mbali. Ratiba za likizo hujazwa mapema, na nafasi ya siku nne hupatikana kwa yule anayeiandika sasa. Ndugu walimu na watumishi wenzangu, tukubaliane tarehe, tuchange nauli, tupande.