Nyimbo Nazo Zina Wenyewe



Siku hizi mkulima wa Msowero hangoji tena lori la mlanguzi lipite njia ya Dumila kwenda Kilosa ndipo mchele wake upate mnunuzi. Husimama mbele ya magunia, akajipiga video ya dakika moja kwa simu, akataja bei na namba yake, akaituma Morogoro na Dar es Salaam. Hilo ni jambo jema, kwani hakuna katazo la kuitangaza mali ya halali. Lakini kabla ya kuituma huiona imepoa, basi huokota wimbo wowote unaovuma wiki hiyo akautia chini ya maneno yake. Hapo ndipo penye neno.

Nasema wazi: mwenye kuuza mali yake kwa wimbo wa mtu, bila ya ridhaa ya mwenye wimbo, amekula mali ya mtu, hata kama mchele wake ni safi na mizani yake ni sawa.

Wala tusigombane hapa juu ya ngoma na zumari. Wanavyuoni wamekhitalifiana tangu zamani. Wako waliokataza ala za muziki, na wako, kama Ibn Hazm wa Andalusia, waliosema kwamba hadithi za kukataza hazikusihi. Mfuate unayemwamini. Lakini ni nani kati yao aliyehalalisha kuchukua cha mtu? Qur'ani, katika Surat al-Baqara, aya ya 188, imekataza kuliana mali kwa batili, wala haikusema kuwa mali ni gunia na ng'ombe tu.

Utaniambia: "Sheikh, wimbo uko hewani, kila mtu anao simuni mwake, na mwenyewe hakupungukiwa kitu." Jawabu lake unalo hapo hapo kijijini. Mashamba yetu mengi hayana ua. Je, kwa kuwa hayana ua ndiyo hayana mwenyewe? Wilaya yetu ya Kilosa imeteseka miaka mingi kwa ugomvi wa mashamba na malisho, na kila aliyeingia katika mpunga wa mwenzie alikuwa na udhuru wake. Udhuru haukuurudisha mpunga.

Na wewe mkulima hulia kwa lumbesa. Kwa nini? Kwa sababu kile kinachorundikwa juu ya mdomo wa gunia ni jasho lako lisilolipwa. Basi na wimbo ni jasho. Kuna aliyetunga, kuna aliyepiga gita, kuna aliyeimba, kuna aliyelipia studio. Ukiuchukua ukauzia magunia yako bila ya kumwuliza mtu, nawe umewatilia lumbesa.

Jambo hili si la kubuni kwangu. Desemba 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait, likapitisha kwamba haki ya utunzi, ya uvumbuzi na ya jina la biashara ni haki za wenyewe, zinalindwa na Sharia, wala haijuzu kuzivunja. Na nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inayomlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mbaraka Mwinshehe, fahari ya Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari Januari 1979. Miaka hiyo 50 haijatimia. Anayeuzia ufuta kwa tungo za marehemu bila ya idhini asidhani kuwa ameokota kitu kisicho na mwenyewe.

Wengine hukimbilia dini: "Basi mimi nitaweka qaswida." Qaswida nayo ina mtunzi, ina mwalimu, ina watoto wa madrasa walioikesha. Kuiba kitu kizuri ni kuiba. Na kibaya zaidi ni yule anayeweka kisomo cha Qur'ani chini, yeye juu yake anapiga kelele za bei ya kilo. Surat al-A'raf, aya ya 204, imetuamrisha kusikiliza na kunyamaza Qur'ani inaposomwa. Je, maneno ya Mola wako ndiyo ya kuwa kachumbari ya biashara yako?

Sasa tufanyeje? Njia zipo. Kwanza, mwombe mwenyewe, mpatane, na muandikiane. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ambayo wengi wanaijua kwa jina la COSOTA, iko kwa ajili ya mambo haya. Pili, TikTok imetenga maktaba ya miziki kwa matumizi ya biashara, mbali na ile ya watu binafsi, chagua humo. Tatu, iko miziki inayotolewa chini ya leseni za Creative Commons. Lakini soma sharti, kwani nyingine hukutaka utaje jina la mtunzi, na nyingine hukataza biashara kabisa. Sharti la mtoaji lishike kama unavyolishika sharti la mwenye kuweka wakfu.

Na njia ya nne haina gharama: usiweke wimbo. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta juu pakavu na chini pamelowa, akamkemea mwuzaji kwa kuuficha unyevu. Mnunuzi wa leo hawezi kutia mkono ndani ya simu. Basi msikilizishe mashine ikikoboa, msikilizishe mchele ukimiminwa katika debe, na mwambie kwa sauti yako mwenyewe umevunwa lini na una chenga kiasi gani. Hiyo ndiyo sauti anayoihitaji, na hiyo ni mali yako.

Wabillahi tawfiq.