Umbo la Shairi Si Kazi ya Karani

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba kuhamisha diwani kutoka faili ya chapa hadi ukurasa wa tovuti ni shughuli ya fundi wa kompyuta, na kwamba uhakiki huanza pale fundi anapomaliza. Dai hili ni potofu, na linawadhuru zaidi watunzi wasio na mchapishaji.

Chukulia mtunzi wa Subukia anayejichapia tarbia zake katika Word, akazigeuza PDF, kisha akataka kuziweka kwenye tovuti yake mwenyewe. Ukwapi na utao amevipanga safu mbili. HTML, kwa kanuni zake, hufinya nafasi zinazofuatana kuwa moja. Mpaka wa vipande hutoweka. Programu ya kunyofoa matini kutoka PDF huweza kuharibu zaidi: husoma safu yote ya kushoto, kisha ya kulia. Ubeti wa mishororo minne huwa vijistari vinane, vina vya kati vikitangulia, vya mwisho vikifuata. Ajabu ni kwamba hilo nalo hufanana na shairi! Mwanafunzi wa uzamili ataliona na kutangaza kwamba mtunzi ameasi arudhi. Atamweka kambi moja na Kezilahabi wa *Kichomi* (1974), hali mtunzi wa watu ni mwanamapokeo asiyekosa hata mizani moja.

Ritifaa nayo ikidondoka, *ng'oa* huwa *ngoa*: kitenzi cha shambani kimekuwa wivu na matamanio. Mizani haitalifichua kosa hilo, kwa kuwa yote mawili yana silabi mbili.

Watajibu kwamba dawa ipo, na ni kweli: HTML ina alama ya kuhifadhi nafasi, na majedwali pia. Lakini nani ataamua utao unaanzia wapi, ila anayejua arudhi? Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, zilipohamishwa kutoka hati ya Kiarabu, ambayo kwa kawaida haikutenga *e* na *i* wala *o* na *u*, W. E. Taylor alimtegemea Mwalimu Sikujua. Hichens alizichapisha mwaka 1940. Hakuna anayethubutu kumwita Mwalimu Sikujua karani.

Kwa hiyo tasnifu inayohakiki shairi la tovuti bila kutaja faili lilikotoka, wala kulilinganisha na nakala ya mtunzi, irudishwe kwa mwanafunzi kabla ya kutahiniwa.