Kabla ya turbo, pimeni bloki

Injini ya Toyota 1HZ haihitaji kutambulishwa kwa fundi yeyote wa Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu. Ndiyo iliyo chini ya boneti za Land Cruiser za polisi, za hospitali na za watalii kote Kenya tangu miaka ya 90: silinda 6 za mstari mmoja, tundu la milimita 94, mwendo wa pistoni milimita 100, lita 4.2 na nguvu za farasi zipatazo 130. Haina turbo. Yanmar, kampuni ya Japani, nayo iliuza kwa miaka mingi injini ya boti iitwayo 6LPA-STP. Silinda 6, tundu milimita 94, mwendo milimita 100, lita zilezile. Asili yake ni Toyota, ukoo uleule wa Land Cruiser. Ila hii hutoa nguvu za farasi 315.

Namba hizo ndizo zinazowavuruga akili wenye boti. Mtu huziweka kando kwa kando akakata shauri kwamba bloki ni moja, kilichokosekana ni turbo tu. "Ami, hii haitii turbo?" humuuliza fundi. Na fundi, kama siku imemwendea vibaya na huyo ndiye mteja wa kwanza, hujibu kwamba itatia. Hasemi uongo. Turbo ni magurudumu mawili kwenye ekseli moja, moja likizungushwa na moshi unaotoka, la pili likishindilia hewa inayoingia. Kuifunga ni kazi ya siku chache. Hewa ikiongezeka, dizeli huongezwa, boti huinua pua na nahodha huchekelea hadi Shela.

Kinachofuata hakimfurahishi mtu. 1HZ huanza kuchoma mafuta yake ndani ya vijumba vidogo vilivyomo kwenye hedi, na joto lote hujazana hapo. Ikizidishiwa hewa na dizeli, hedi hupasuka mahali palipo pembamba. Ndugu yake 1HD-T, iliyotoka kiwandani na turbo, humwagiwa dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na pistoni zake zimetengenezwa kwa joto hilo, zikirushiwa oili kwa chini ili zipoe. Vipimo vya tundu ni vilevile, lakini chuma kimeandaliwa kwa kazi nyingine. Yanmar ilipouchukua ukoo huo kuupeleka baharini iliongeza kipoza hewa kinachotumia maji ya bahari, na mfumo wa maji matamu yanayozunguka ndani ya bloki bila kukutana na chumvi hata tone.

Basi hoja ya makala haya ni fupi: Lamu, anayetaka nguvu aanze kwenye bloki, na asiyekuwa na bloki iliyozaliwa kwa turbo aiache turbo dukani.

Kuna watakaosema turbo ni mambo ya magari ya mbio na haina mahali kwenye mji wa punda kama Lamu. Historia haiwaungi mkono. Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo lake mwaka 1905, na miongoni mwa vyombo vya kwanza kulitumia vilikuwa meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, katika miaka ya 1920. Injini zao zilipanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500. Turbo ilizoea maji ya chumvi kabla haijazoea lami. Mbio za Safari Rally zilisubiri hadi 1984 ndipo gari la turbo liliposhinda, Toyota Celica ya Björn Waldegård, na ile Celica ilishinda tena 1985 na 1986, miaka ambayo magari kadhaa yaliyotajwa kuwa na nguvu zaidi yalikufa njiani kwa vumbi na matope ya Kenya.

Vijana wa Nairobi na Mombasa wanaopenda Subaru wanalijua fundisho la bloki kwa gharama ya mifuko yao. Bloki ya injini za Subaru za ukoo wa EJ ni ya alumini, na umbali kutoka kitovu cha silinda moja hadi kitovu cha jirani yake ni milimita 113. Kwenye EJ20 tundu ni milimita 92, kwa hiyo kati ya silinda na silinda hubaki milimita 21. Kwenye EJ25 ya turbo tundu lilipanuliwa hadi 99.5, umbali ukabaki palepale, na kilichosalia ni milimita 13.5 za kugawana kuta mbili na njia ya maji. Atakaye lita nyingi huchukua ya pili. Atakaye kusukuma hewa nyingi kwa muda mrefu hufikiria mara mbili, na Subaru wenyewe waliendelea kuifunga EJ20 kwenye gari lao la michezo la soko la Japani hadi 2019.

Lakini hata Subaru inayokimbizwa Naivasha hupata nafasi ya kupumua. Hufika kona, dereva huachia mafuta, injini hupoa kidogo. Boti haina kona wala mteremko. Ikishatoka gatini ikielekea Pate, injini hubeba mzigo uleule dakika baada ya dakika, kama lori linalopanda mlima usio na kilele. Gari la kawaida barabarani hutumia sehemu ndogo ya nguvu zake. Boti ya kasi hutumia karibu zote, saa nzima. Ufa ambao kwenye gari ungechukua miaka miwili kujitokeza, Lamu hujitokeza katika kusi moja.

Na haraka ya manahodha ina sababu. Boti ya Faza au Kizingitini ikikata njia ya ndani hupita Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, na kwa miaka mingi ilikuwa lazima maji yawe yamejaa. Aliyechelewa alikuta maji yamekupwa, akakaa na abiria wake wakitazama mikoko. Ndiyo maana nguvu imekuwa ikitamaniwa.

Bloki iliyotumika huja imejaa mafuta meusi na siri. Fundi wa kweli haipimi kabla ya kuiosha. Huichemsha kwenye dawa kali, hung'oa plagi zote za njia za oili na za maji, na kupitisha brashi ndefu katika kila tundu mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kisha huingiza kidole ndani ya silinda na kupandisha ukucha taratibu kuelekea juu. Karibu na mdomo ukucha hukwama kwenye kingo ndogo. Pale ndipo ringi ya juu ilipokuwa ikigeuka kwa maelfu ya saa. Chini ya kingo ukuta umelika, juu yake haujaguswa. Kama ukucha unakwama sana, hata mtoto anaweza kusema silinda imekwisha.

Ukucha hautoshi, bila shaka. Geji ya silinda huteremshwa na kusomwa juu, katikati na chini, kisha hugeuzwa robo duara na kusomwa tena, kwa sababu silinda hailiki sawa: pistoni huegemea upande mmoja, na duara hugeuka kuwa yai. Vipimo 6 kwa kila silinda, 36 kwa bloki nzima, vikiandikwa kwa chaki ubavuni. Uso wa juu hulazwa rula ya chuma iliyonyooka, na kinachopenya chini yake hupimwa kwa bapa la milimita 0.05; likipita, uso husawazishwa kwa mashine. Nyufa hutafutwa kwa sumaku na unga wa chuma, au kwa kuziba njia za maji na kusukuma hewa bloki ikiwa ndani ya pipa la maji. Mapovu hayadanganyi.

Halafu kuna jambo dogo ambalo limeua injini nyingi za turbo kuliko turbo zenyewe: mwanya wa ringi. Ringi ya silinda ya milimita 94 ina mzingo wa karibu milimita 295. Chuma chake kikipata joto la nyuzi 100 zaidi, urefu huo huongezeka kwa takriban milimita 0.3. Mwanya ulioachwa kwa injini isiyo na turbo ni wa kiasi hichohicho. Turbo ikiongeza joto, ncha mbili za ringi hukutana, hazina pa kwenda, na huvunja shingo ya pistoni au kukwaruza ukuta ambao jana tu ulichongwa kwa pesa nyingi. Fundi anayejua hupanua mwanya kwa tupa, ringi moja moja, akiipima ndani ya silinda yake yenyewe. Ni kazi ya adhuhuri moja.

Chumvi ndiyo adui wa mwisho, na Lamu inayo kwa wingi. Injini ya gari ikitiwa botini kwa kuunganishiwa pampu inayovuta maji ya bahari na kuyapitisha moja kwa moja ndani ya bloki, fundi amejitegea mtego wa pande mbili. Akiiacha ichemke kama ilivyokusudiwa, chumvi huganda kwenye njia za maji na kuziziba. Akiondoa thamostati ili iwe baridi, silinda hulika upesi na oili haipati joto la kukausha unyevu wake. Kutu nayo hula plagi na ukuta wa nje taratibu, kwa ndani, mahali pasipoonekana. Turbo juu ya bloki ya namna hiyo ni ghorofa ya pili juu ya nyumba ya matumbawe isiyopigwa lipu.

Je, boti nyingi za Lamu zinahitaji nguvu hizo? Hapa mwandishi atawaudhi baadhi ya rafiki zake. Chombo cha mbao kinachokata maji bila kuyapanda kina mwendo wake wa mwisho, nao hutokana na urefu wake majini. Chenye futi 36 kikifika noti 8, karibu kilomita 15 kwa saa, kimefika. Nguvu ya ziada hapo huchimba shimo nyuma, tezi huzama, pua huinuka, dizeli huteketea. Kwa mashua ya saruji na mchele, injini ya pole isiyo na turbo ni uamuzi wa mtu mwenye akili zake.

Penye haja ya kweli ni boti ya wagonjwa. Mama anayetokwa na damu kisiwani Kiwayu hawezi kusubiri noti 8. Boti nyepesi ya faiba inayopanda juu ya maji, ikiwa na bloki iliyozaliwa kwa turbo na maji matamu ndani yake, si anasa hata kidogo, na hapo pesa za umma zikitumika hakuna wa kunung'unika.

Kuhusu pesa za umma kuna la kusema. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76, na mazungumzo yaliyofuata yaligusa pia malipo kwa njia ya vifaa, boti na injini zikiwemo, ili wavuvi waweze kwenda bahari kuu. Bandari yenyewe ilipokea meli ya kwanza Mei 2021. Injini hugawiwa kwa sherehe na picha. Nani hugawa geji za silinda? Mashine kubwa za kuchonga bloki ziko Mombasa, na bloki ya silinda 6 ya chuma haibebwi mgongoni: ni wanaume wanne hadi gatini, boti hadi Mokowe, kisha gari. Gharama hiyo ndiyo inayomfanya mwenye boti amwambie fundi, "Rudisha hivyohivyo, Mungu atasaidia."

Serikali ya kaunti ingeweza kununua mashine moja ya kuchonga, moja ya kung'arisha kuta na seti mbili za vipimo, ikaziweka Mokowe kwenye barabara na gati, na vijana wa vyuo vya ufundi wakajifunzia hapo. Bei yake ni ndogo mbele ya boti moja mpya ya doria. Halmashauri ya Usimamizi wa Safari za Baharini, KMA, ambayo tayari hukagua vyombo vidogo na kuhesabu maboya ya kujiokolea, ingeongeza maswali mawili kwa kila boti ya abiria yenye injini ya ndani: turbo hii ilitoka na bloki hii kiwandani? Na vipimo 36 viko wapi?