Kibali cha Barabara Kimtaje na Mwenye Bendera



Wengi hudhani kwamba kibali cha kuchimba barabara ni jambo la makandarasi na wakuu wa jiji. Sisi wa chama tunasema ni jambo letu pia. Hapa Uganda, kiwanda kikitaka kupitisha bomba chini ya barabara, au shamba la miwa likitaka kuchimba mtaro unaovuka njia ya umma, mara nyingi haitwi mtu aliyefundishwa kuongoza magari. Huitwa kibarua. Anatolewa kwenye kazi ya kupakia, anapewa kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye kijiti, anaambiwa, "Simamisha magari."

Mwaka 2023 tulimkuta mwenzetu mmoja katika hali hiyo, kwenye barabara kuu iendayo Jinja. Hakuwa na fulana ya kung'aa, wala hapakuwa na kibao hata kimoja cha kuonya madereva. Tulipouliza kibali, mnyapara alijibu kwamba kiko ofisini. Kweli tulikikuta, kimepigwa muhuri. Kilitaja siku za kazi, upana wa mtaro na jinsi lami itakavyorudishwa. Juu ya mtu wa kusimamisha magari hapakuwa na neno. Jioni mwenzetu alimwachia kitambaa kibarua wa zamu ya usiku. Taa hakuachiwa, kwa kuwa haikuwepo.

Tufanye hesabu kidogo. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akimwona mwenye kitambaa kwa umbali wa mita 40, hana hata sekunde mbili. Lori lililojaa miwa halisimami kwa sekunde mbili. Ndiyo maana kibao cha kwanza lazima kiwe mbali sana na shimo.

Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri awalinde watu wake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Unasema pia kwamba anayeondoka penye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu ya haki, asiadhibiwe. Mwaka 2022 ILO iliuingiza katika mikataba yake ya msingi, na nchi zote wanachama zinatakiwa kuheshimu misingi hiyo, hata zisizouridhia.

Waajiri husema masharti yakizidi kazi itachelewa. Hapo wana ukweli kidogo; sisi wenyewe tumeona bomba lililopasuka likimwaga maji kutwa huku karatasi zikizunguka ofisini. Kwa dharura ya namna hiyo itolewe ruhusa ya haraka. Lakini mtaro uliopangwa tangu miezi mitatu nyuma una dharura gani?

Tunataka wanaotoa vibali wasipige muhuri mpaka karatasi ionyeshe jina la msimamizi wa magari, mahali pa vibao na taa, na kwamba wenye bendera wamefundishwa. Nakala ikae pale pale kazini, na katibu wa tawi aruhusiwe kuisoma.

Nawe ndugu, ukipewa kitambaa kesho, uliza kibali kwanza. Usipoonyeshwa, mwite katibu wa tawi kabla hujaingia barabarani.