Mbele ya kununua gari la zamani, uliza piesi

Ndugu wasikilizaji wa Butembo na Beni, na ninyi familia mliokimbia vijiji, leo nasema na wale wenye kukusanya dola zao kununua gari la zamani la kutengeneza.

Muuzaji atakuambia: Land Rover hii ni ya nguvu, ilipanda milima ya Lubero tangu wakati wa mapadri. Sikatai. Lakini Series III ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1985. Piesi zake utazipata wapi?

Baba mdogo wangu alinunua moja. Akaanza na rangi na viti (wanaume tunapenda kuanza na rangi). Kisha gia ya pili ikakataa. Fundi akazunguka Butembo yote, akatuma mtu mpaka soko la Kisekka, Kampala. Gia iliyokuja ilikuwa ya modeli ingine. Kuirudisha ni Kasindi tena, nauli tena. Leo kuku wanalala ndani ya ile gari, na pesa ilikuwa ya masomo ya watoto.

Wengine wananijibu: mafundi wetu wanachonga kila kitu. Kweli, bati wanalehemu, springi wanafua. Pompa ya mazutu je? Nani anaichonga?

Mimi nasema wazi: afadhali Land Cruiser ya aina ya 70, hata ikiwa imeoza bati. Inatengenezwa tangu 1984. Moteri yake ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, haina kompyuta, na mashirika mengi yanaitumia, kwa hiyo wafanyabiashara wanaleta piesi zake. Bei yake iko juu, najua, na wezi pia wanaipenda. Ukikosa pesa ya kuinunua, ngoja.

Mbele ya kutoa hata dola moja, andika piesi tano: pompa, gia, kardani, demareri, breki. Pita duka kwa duka. Ukiambiwa mara tatu «tutaagiza», acha hiyo gari. Na usitegemee Goma: tangu M23 ilipoingia Kanyabayonga Juni 2024, barabara ya kule si ya kuhesabia.

Mwaka 2021, kwenye barabara ya Komanda-Luna, magari yalikuwa yanasindikizwa na wanajeshi. Dereva yeyote anajua msafara kama ule haungoji gari lililokufa. Ukibaki pale na watoto nyuma kwa sababu ya kardani, muuzaji aliyesifu Land Rover yake hatakuwa pamoja nawe.