Kumwadhibu muuguzi hakutibu kosa la dawa

Mgonjwa anapofariki kwa kudungwa dawa isiyo yake, aghalabu sisi huuliza swali moja tu: ni nani? Jina likishapatikana, muuguzi husimamishwa kazi, wananchi hulaani, na kabati lile lile la dawa huachwa papo hapo likimngoja mwenziwe wa zamu ya usiku. Nashikilia kwamba swali hilo, hata likijibiwa kwa haki, halimwokoi mgonjwa wa kesho.

Tuchukue kisa cha Desemba 2017 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, Marekani. Ajuza wa miaka 75 aliandikiwa Versed, dawa ya kumtuliza kabla ya kupigwa picha. Muuguzi alibonyeza herufi mbili, VE, kwenye kabati la dawa linaloendeshwa kwa kompyuta. Kumbe kabati lilikuwa likitafuta dawa kwa majina ya kitaalamu, na jina la kitaalamu la Versed ni midazolam. Dawa haikuonekana. Akatumia njia ya dharura, nalo kabati likampa vecuronium, dawa inayopooza misuli, hata ile ya kupumulia. Ajuza akafa. Machi 2022 mahakama ilimtia muuguzi hatiani kwa kuua kwa uzembe, na Mei mwaka huo huo akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu.

Simtetei kwa kila jambo. Dawa aliyoitaka huwa ya maji, aliyoichukua ilikuwa ya unga, na kifuniko chake kilikuwa na onyo. Hata hivyo, njia ya dharura haikuwa mlango wa wezi; iliwekwa na wenye kabati ili itumiwe. Na ni kabati gani hili ambalo kwa herufi mbili tu hukubali kutoa dawa ya kukata pumzi? Baadaye taasisi ya ISMP, inayoshughulikia usalama wa dawa, ilihimiza kwamba herufi zisipungue tano. Badiliko hilo dogo humkinga mgonjwa hata muuguzi anapokuwa amechoka. Hukumu ya mahakama haiwezi.

Fikira hii si ngeni. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, marubani wa Marekani walikuwa wakitua salama kisha wakayakunja magurudumu, wakidhani wanakunja mabapa ya mabawa. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aligundua kwamba vishikio viwili vilifanana na kukaa pamoja. Kimoja kikapewa umbo la gurudumu, cha pili umbo la kabari, ili mkono utambue hata gizani. Chapanis huyo huyo alishiriki katika utafiti wa makosa ya dawa hospitalini uliochapishwa mwaka wa 1960. Taaluma hiyo huitwa ergonomia, yaani kuilinganisha kazi na maumbile ya mwanadamu, seuze mwanadamu aliyekesha.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini hawakuwa wameiona sindano. Katika wodi, kuteleza ndiko kuanguka.

Kwa hivyo nawageukia walimu wa vyuo vya uuguzi na utabibu. Mwanafunzi hukaririshwa mambo matano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Ni mafundisho mema, lakini yanamtwika mtu mmoja mzigo wote. Mpeni pia kazi ya kuikagua wodi: ni chupa zipi zinazofanana, ni majina yapi yanayokaribiana, nani humkatiza muuguzi anapopima dawa?

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya mataifa yenye kompyuta. La hasha! Mwaka wa 2002 Uingereza iliagiza kloridi ya potasiamu iliyo kali iondolewe katika rafu za wodi za kawaida, kwa kuwa ilikuwa ikidhaniwa kuwa dawa nyingine na huweza kuusimamisha moyo. Kazi hiyo haikuhitaji kompyuta. Ilihitaji kabati jingine, kufuli, na mtu mmoja wa kutunza ufunguo.