Kabla hujanunua skrini pana ya OLED, tizama kwanza nini kinakaa pale pale kutwa

Leo naongea kuhusu skrini ya kompyuta. Najua wapo watakaosema hii mada ya watu wa game, sisi inatuhusu nini. Inatuhusu, kwa sababu mwaka jana mimi nilitoa milioni moja na laki nne kununua skrini, na pesa ile ilikuwa ya kuongezea mzigo dukani.

Nauza nguo na mashuka hapa Chake Chake. Duka lenyewe dogo, mlango mmoja, lakini wateja wangu wengi hawajawahi kuukanyaga ule mlango. Wananiona WhatsApp na Instagram, wanalipa kwa simu, mzigo unaenda na gari mpaka Konde, Wete au Mkoani, na mwengine unapanda boti kwenda Unguja. Skuli niliishia kidato cha nne. Kompyuta nimejifunza mwenyewe. Mchana naitumia kurekebisha picha, kuandika bei na kujibu wateja. Usiku, chumba cha nyuma, mdogo wangu wa kiume anachezesha game. Vijana wa mtaani wanakuja, wanalipa kwa mechi.

Tukakubaliana tutafute skrini moja nzuri itakayotufaa sote wawili. Yeye alishatizama video nyingi mtandaoni, kila siku ananionyesha. "Dada, hii ndo ya mwisho. Ukinunua hii hununui tena." Inchi 34, pana, imejipinda kidogo, aina ya OLED. Binamu yetu aliyeko Dubai akatutafutia iliyotumika. Pesa zangu hazikutosha, mama akatuongezea za karafuu. Alipoiona imewekwa mezani aliuliza suali moja tu: "Mwanangu, hii tivii ndo itauza nguo?"

Tukacheka. Sasa hivi sicheki.

Maoni yangu ni haya: kwa muuzaji mdogo wa mtandaoni ambaye skrini moja anaifanyia kazi mchana na kuchezea usiku, OLED pana ni chaguo baya. Skrini yenyewe si mbovu, ila maisha yetu ya dukani hayaendani nayo. Nitaeleza moja moja.

*Kwanza, elewa inavyofanya kazi*

Skrini za kawaida zina taa nyuma, na mbele yake kuna kioo kinachozuia au kuachia mwanga. OLED haina taa nyuma. Kila nukta inajiwashia yenyewe. Nukta ikitakiwa iwe nyeusi inazima kabisa, ndo maana weusi wake ni mweusi kweli na picha inavutia mno. Na inabadilika haraka sana, mpira ukipigwa huoni kivuli nyuma yake. Hayo ya kweli, sitaki kuyakataa.

Lakini kitu kinachojiwashia chenyewe kinachoka chenyewe. Nukta inayowaka sana sehemu moja inachoka kuliko jirani zake, na kioo kinabaki na alama ambayo haifutiki.

Sasa jiulize mchana wako unakuwaje. WhatsApp ya kompyuta iko wazi tangu asubuhi, orodha ya majina upande wa kushoto, pale pale. Mstari wa chini wenye alama za programu, pale pale. Daftari la bei lenye mistari meupe, pale pale. Mimi mteja akiingia dukani naondoka mezani nusu saa, skrini inawaka. Nikienda kuswali, inawaka. Baada ya miezi minane nikafungua picha ya shuka la kijivu, nikaona mstari unashuka katikati ya shuka. Nikadhani kitambaa kimechafuka. Nikafungua picha nyengine, mstari upo. Ulikuwa ni ukingo wa WhatsApp.

Sio siri kwamba hili hutokea. Alienware walipotoa AW3423DW mwaka 2022, skrini pana ya inchi 34 ya OLED, walitoa garantii ya miaka 3 inayohusu hata alama kama hizo. Mtengenezaji hawekei garantii tatizo lisilokuwepo. Na sisi tunaonunua iliyotumika Dubai, ikaletwa na mtu kwenye begi, garantii tutaidai wapi?

*Pili, umeme wetu na tabia zetu*

Hili hakuna aliyenambia. Skrini hizi zina utaratibu wa kujitengeneza. Baada ya kutumika masaa kama manne, ukiizima kwa kitufe chake, inabaki kwenye umeme na kwa dakika chache inasawazisha nukta zake. Lazima umeme uwepo.

Pemba tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Tumepiga hatua, lakini kukatika kupo, na sisi wenyewe tumezoea kuzima kila kitu kwenye swichi ya ukutani tukifunga duka, tukiogopa hitilafu na tukihurumia uniti za Tukuza. Miezi minane yote mimi nilikuwa naizima ukutani. Yani nilikuwa nainyima dawa kila usiku, nikijiona mwangalifu.

*Tatu, rangi*

Hapa ndipo biashara ilipoumia, na wauza nguo nawaomba msome vizuri.

OLED inaonyesha rangi nyingi na kali kuliko simu za wateja wetu wengi. Picha za mtandaoni zimepangwa kwa kipimo cha kawaida kinachoitwa sRGB. Skrini yenye rangi pana, kama hujaiweka kwenye sRGB, inazikoleza picha zote. Mimi sikujua. Nilikuwa nikifungua picha ya kitambaa chekundu naona kinawaka kama moto, nikasema hii wateja watasema nimetia chumvi, nikapunguza rangi. Kwenye skrini yangu ikawa sawasawa na kitambaa mkononi. Kwenye simu ya mteja ikawa imepauka.

Wiki mbili oda zikapungua. Nikasema labda watu hawana pesa. Mpaka mama mmoja akaja dukani mwenyewe, akashika shuka, akanambia, "Mwanangu, mbona kwenye picha lilionekana la zamani?" Hapo nikachukua simu ya mama, simu ya kawaida ya bei rahisi, nikafungua ukurasa wangu mwenyewe. Nikaona aibu.

Kwa hiyo skrini ya gharama ilinifanya nipige picha mbaya kuliko nilipokuwa na kilaptop changu. Kuanzia siku ile, picha haitoki mpaka niitizame kwenye simu ya mama.

*Nne, upana usioutumia*

Skrini pana ya inchi 34 ina urefu wa kwenda juu sawa na skrini ya kawaida ya inchi 27. Ulichoongeza ni mbavu za pembeni. Kwa kazi, mbavu zile tamu: WhatsApp huku, picha kule. Nakubali.

Lakini kwa game? Vijana wetu wanacheza PlayStation. PS4 na PS5 zote hazitoi picha ya upana ule. Picha inakaa katikati, pembeni kunabaki nyeusi kushoto na kulia. Piga hesabu: skrini ina nukta 3440 kwa upana, game inatumia 2560. Robo ya kioo ulicholipia haifanyi kazi. Na kwenye OLED kuna ubaya zaidi, maana katikati kunachoka kila usiku na pembeni kunabaki kupya. Mdogo wangu alipoona ile mistari myeusi siku ya kwanza alinyamaza muda mrefu.

Upana ule ni wa mtu mwenye kompyuta ya game yenye kadi ya picha ya nguvu. Nukta zake zote ni karibu milioni 5, wakati skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina milioni 2 na kidogo. Kilaptop cha dukani kinahema.

*Tano, mwanga wa duka*

Duka langu linatizama barabara, mlango wazi, jua linaingia. OLED ukifungua ukurasa mweupe mzima inapunguza mwanga wake. Na aina nyengine, zile za QD-OLED, mwanga wa nje ukizipiga weusi wake unageuka kijivu. Ule weusi uliokutolea pesa mfukoni unauona usiku tu, taa ikiwa imezimwa.

*Sasa ununue nini?*

Kama unauza kwa picha, tafuta skrini ya kawaida ya IPS, inchi 24 au 27. Ingia kwenye menyu yake, kama kuna sRGB, chagua hiyo. Zile zilizotoka maofisini zinatosha kabisa. Yangu ya sasa nimeinunua laki mbili na nusu, imetumika, haina alama hata moja.

Kama unataka upana, weka skrini mbili za kawaida pembeni ya mwenzake. Moja ikifa, kesho unafungua duka na ile nyengine. Pana ikifa, umekaa.

Kama unachezesha PS, tivii au skrini ya umbo la kawaida inatosha. Mteja wa mechi anataka pedi zima na feni. Sijaona aliyeondoka kwa sababu weusi haukuwa mweusi.

Na nani anunue OLED pana? Mwenye kompyuta ya nguvu, chumba chenye kivuli, anayecheza na kutizama vitu vinavyobadilika, na pesa yake si ya mzigo. Huyo anunue, atafurahi. Afiche ule mstari wa chini, aweke skrini ijizime baada ya dakika tatu, na aizime kwa kitufe, asiizime ukutani.

Ukinunua iliyotumika, usikubali picha ya mandhari. Mwambie muuzaji akutumie video ya skrini ikiwa kijivu tupu, kisha nyekundu tupu, kisha kijani tupu. Alama zote zitajitokeza. Muombe pia aingie kwenye menyu akuonyeshe masaa iliyotumika, nyingi zinaonyesha. Akikataa, pesa yako ikae mfukoni.

*Tulivyoiuza*

Hii sehemu nilitaka kuiacha, lakini ukurasa huu ni wa kusaidiana.

Tulipoamua kuuza, mdogo wangu akaweka picha ya bahari usiku, nyeusi, nyota kidogo. Alama haionekani kabisa. Tukapiga picha, tukaweka mtandaoni: milioni moja na laki moja, haina tatizo. Nusu saa haijapita kijana wa Wete akaandika anaitaka, anakuja kesho na pesa. Akasema amekuwa akiweka akiba tangu msimu wa karafuu.

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi kila siku nawaambia wateja wangu nguo ninayoipiga picha ndo utakayoipata. Wateja wananitumia pesa hawajaniona. Wananiamini kwa picha tu. Sasa nimekaa natumia picha kumficha mtu ukweli, na yeye pesa zake za karafuu kama za mama yangu.

Asubuhi nikaifuta. Nikaweka skrini kijivu tupu, nikapiga picha mstari unaonekana wazi, nikaandika: ina alama, tizama vizuri, laki sita na nusu. Kijana wa Wete nikamtumia ile picha mwenyewe kabla hajapanda gari. Hakujibu. Mdogo wangu akanambia, "Dada, umetupa laki nne na nusu." Siku tatu hatukusemeshana.

Wiki ya pili akaja mtu wa Mkoani, yeye anatizama filamu tu usiku, alama haimshughulishi. Akatoa laki sita. Nikamrudishia mama pesa yake yote, mimi nikabaki na hasara yangu. Mama alihesabu, akafunga kwenye kanga, hakusema neno.

Mwezi uliofuata yule kijana wa Wete aliniandikia tena. Hakuulizia skrini. Alitaka mashuka mawili ya harusi ya dadake, na alilipa yote mbele, bila kuuliza maswali.

Basi ndugu zangu, kabla hujatoa pesa ya mzigo kwa skrini, kaa mezani kwako siku moja tu na utizame nini kinakaa pale pale kutwa. Hicho ndo kitakuchagulia skrini.

Wewe dukani kwako unatumia skrini gani, na picha unazihakiki kwenye simu ya nani? Andika hapo chini, tuelimishane.